Majini ya Ayalandi, maboma na mti usiokatwa: maswali ninayoulizwa kila mgeni akija

Nakaa kaunti ya Clare, magharibi ya Ayalandi, kijijini kabisa, ng'ombe wengi kuliko watu. Kila ndugu akija kunitembelea akaona yale matuta ya duara mashambani na kale kamti kamoja kalikoachwa katikati ya majani, maswali ni yale yale, mengine nayajibu kwenye voisi noti saa sita usiku. Nimeyakusanya hapa. Ukiona jibu limekatika limekwambia nenda swali fulani, nenda tu, sirudii.

## MAMBO YA MSINGI

Hao "watu wema" mnaowasema ni akina nani?

Kwa Kiayalandi ni aos sí, yaani watu wa vilima, maana sí ni kile kilima cha zamani ambacho ndani yake kuna watu wanaishi. Ila mzee wa kijijini hatakutajia hivo. Atasema na daoine maithe, watu wema, au atasema tu "wao" halafu anabadilisha stori. Si kwamba ni wema, wanaitwa wema kwa sababu huenda wanasikia, ni kama kwetu mtu akiona nyoka usiku anasema "kamba".

Alafu toa kichwani ile picha ya kisichana chenye mabawa ya kipepeo, huyo si wa huku. Hawa ni saizi ya mtu, wanafuga, wanaoana, wanacheza mpira wa vigongo, wanapigana vita mkoa kwa mkoa. Maandishi ya watawa wa zamani yanasema ni Tuatha Dé Danann, waliotawala kisiwa wakaja kushindwa na wana wa Míl, mababu wa Waayalandi, ikagawanywa nchi: washindi juu ya ardhi, walioshindwa chini yake. Wazee vijijini wana maelezo mengine, kwamba ni malaika walioangushwa kutoka mbinguni, hawakuwa wabaya kiasi cha kufika motoni, wakabaki palepale walipodondokea, wengine baharini, wengine hewani, wengine vilimani.

Kwa hiyo ni majini?

Karibu, ila siyo wenyewe. Kinachofanana kinashangaza kwa kweli: wana koo zao na wafalme wao, wanaishi jirani na sisi bila kuonekana, hawapendi chuma wala chumvi, na zamani mama akitaka kumwaga maji machafu nje usiku alitanguliza neno la kuwaonya wapishe. Bibi yangu angeelewa bila kutafsiriwa.

Tofauti kubwa ni hii, wa huku hawakupandi kichwani. Hakuna ngoma, hakuna kupunga, hakuna kiti. Wao wanakuchukua. Mtu anabebwa anapelekwa kilimani, na kitandani wanaacha kitu kinachofanana naye, kinakula, kinakonda, kinalalamika, lakini si yeye. Waliowindwa zaidi ni watoto wa kiume na mama aliyetoka kujifungua, ndo maana visiwa vya magharibi wavulana walivalishwa magauni mpaka wakubwa, kuwadanganya hao jamaa wadhani ni wasichana. Imani hii ina upande wake mbaya sana, angalia swali la Bridget Cleary.

Hayo matuta ya duara shambani ni nini?

Ni maboma. Sitafuti neno lingine kwa sababu hili linatosha kabisa. Majina yake ya Kiayalandi ni ráth au lios likiwa la udongo, na caiseal likiwa la mawe. Ukiona mji unaanza na Lis au Rath (Lismore, Rathmines, Lisdoonvarna) ujue palikuwa na boma hapo. Yaliyorekodiwa kisiwa kizima ni kama 45,000, kwa hiyo hata upite barabara gani ya kijijini utapishana nayo bila kujua.

Mengi yalijengwa kati ya mwaka 500 na 1000 hivi, baada ya Kristo. Ni familia ya mkulima, nyumba ya mviringo katikati, tuta la udongo kuzunguka, mtaro nje yake, na ng'ombe wanaingizwa ndani usiku wasiibiwe, maana wizi wa ng'ombe ulikuwa ndo mchezo wa wafalme. Upana mara nyingi ni mita 30 mpaka 40. Baadhi yana njia ya chini ya ardhi iliyojengwa kwa mawe, ya kuhifadhia maziwa na siagi na ya kujificha wakija wavamizi. Sasa fikiria miaka 800 baadaye, nyumba zimeoza zote, limebaki duara lenye miti ya miiba, ng'ombe wako anakanyaga, mguu unazama kwenye shimo, unachungulia unaona ukuta umepangwa vizuri unaelekea gizani. Na wewe ungesema kuna watu chini.

Waayalandi wenyewe wanaamini kweli?

Hili ndo swali namba moja, na jibu langu baada ya miaka ya kukaa hapa ni kwamba ukiuliza "unaamini?" umeuliza vibaya. Uliza "utaligusa?"

Jirani yangu ni mzee wa makamo, ana trekta linaloongozwa na setilaiti, skrini ndani kama ndege. Mwezi wa sita anakata majani ya kulisha ng'ombe winta. Anakuja moja kwa moja na mashine, mstari umenyooka, akifika kwenye boma anazungusha usukani anaacha ukanda wa kama mita mbili, anazunguka lote, anaendelea. Majani yale ni pesa, anayaacha. Nikamuuliza kama anaamini mambo haya, akacheka sana, akasema hata kidogo, hizo ni stori za bibi. Nikamwambia basi ngoja nikakate tawi moja la kuwashia moto. Akaniwekea mkono kifuani. Hakusema kitu.

## MITI NA MABOMA

Mbona kuna mti mmoja tu katikati ya shamba?

Huo ni sceach, mti mfupi wa miiba, mwezi wa tano unachanua maua meupe mpaka unadhani umemwagiwa theluji. Ukiwa kwenye ua na wenzake ni mti wa kawaida, unakatwa kila mwaka na hakuna anayejali. Ukiwa umeota peke yake, hasa penye jiwe kubwa au ndani ya boma, ni wa "wao".

Kesi maarufu ni ya hapahapa Clare, Latoon, mwaka 1999. Barabara mpya ilikuwa inapita palepale ulipo mti wa aina hiyo. Msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan akaandika kwenye gazeti kwamba mti ule ni kituo cha watu wema wa kaunti ya Kerry wanapopita kwenda kupigana na wale wa mkoa wa Connacht, na ukikatwa ajali zitatokea kwenye barabara hiyo. Habari ikafika mpaka magazeti ya Marekani. Watu wa barabara wakacheki ramani zao, na mti ukaachwa, barabara ikapita pembeni. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana akaja na msumeno wa mashine akakata matawi yote, ukabaki kisiki kama nguzo. Ukachipua tena. Mpaka leo upo pembeni ya barabara kuu, umezungushiwa uzio, magari yanapita spidi 120 na wengi hawajui wanapishana na nini.

Na mtu akikata au akilisawazisha boma inakuwaje?

Stori ni maelfu: ng'ombe wanakufa, mkono unapooza, mtu analala mzima anaamka mdomo umeenda upande, nyumba haikaliki. Sitakwambia ni kweli. Mengi yamesawazishwa na tingatinga, hasa kuanzia miaka ya 1970 mashine kubwa zilipoenea, na wengi wa waliofanya hivyo wamezeeka vizuri tu.

Lakini woga wenyewe ni kitu halisi. Mwaka 2017 mbunge wa Kerry, Danny Healy-Rae, alisema hadharani kwamba barabara ya N22 inayozama kila ikitengenezwa ina shida hiyo kwa sababu eneo lile lina maboma, na kwamba yeye (ni mtu wa mashine za ujenzi huyo) akiambiwa akavunje boma angekubali kufa njaa kwanza. Watu Dublin walimcheka wiki nzima. Huku kijijini sikusikia mtu akicheka. Na kiukweli ukinibana nitasema hicho kimkono kifuani kimelinda maboma mengi kuliko sheria, maana sheria ya taifa ya kulinda mambo ya kale ilipitishwa 1930, na maboma yalikuwa yamekaa miaka elfu bila polisi.

Bridget Cleary alichomwa kwa sababu alikuwa mchawi?

Hapana, na hapa wengi mnachanganya. Alikuwa mshonaji, miaka ishirini na kitu, mwanamke anayejiweza, ana cherehani yake na anauza mayai, anaishi Ballyvadlea, Tipperary. Machi 1895 akaugua baada ya kutoka kupeleka mayai. Mumewe, Michael, akajishawishi kwamba yule aliye kitandani si mkewe, mkewe kachukuliwa. Wakamlazimisha kunywa dawa za mitishamba, wakamuuliza jina lake mara tatu mbele ya ndugu zake, na mwisho mume akamchoma moto palepale jikoni. Maiti ikakutwa imezikwa kwenye shimo fupi. Siku zilizofuata, usiku, yule bwana alikaa kwenye boma la jirani na kisu, akisubiri mke wake halisi atoke amepanda farasi mweupe ili akate kamba alizofungiwa juu yake.

Mahakama ilimkuta na hatia ya kuua bila kukusudia, akapewa miaka 20, akatoka 1910. Ndugu kadhaa nao walifungwa. Naliweka hapa kwa sababu wageni wanapenda sana upande mtamu wa hizi stori, mti, maua, na mimi pia napenda. Huu nao ni sehemu yake.

Ni kweli kuna watoto wamezikwa ndani ya maboma?

Ndiyo. Makaburi hayo yanaitwa cillíní. Mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa hakuruhusiwa kuzikwa kwenye makaburi ya kanisa, kwa hiyo baba alimbeba usiku, mara nyingi peke yake au na ndugu mmoja, akamzika kwenye boma, au mpakani mwa shamba, au karibu na bahari, juu akaweka jiwe dogo lisiloandikwa. Iliendelea mpaka karne ya 20, na wapo wazee walio hai wenye dada au kaka aliyelala hivyo. Ukikuta ndani ya boma vijiwe vidogo vimepangwa, usikalie wala usipige selfi. Hilo ndilo la kuogopa kuliko majini yoyote.

## MAKABURI YA MAWE

Newgrange ni nini na kwa nini mnaisifia hivo?

Ipo kaunti ya Meath, bonde la mto Boyne, ilijengwa kama mwaka 3200 kabla ya Kristo, yaani ni ya zamani kuliko piramidi za Giza kule Misri. Ni kilima cha kutengenezwa, upana kama mita 85, kimezungushiwa mawe makubwa 97, ndani njia ya mita 19 inaishia kwenye chumba chenye dari ya mawe yaliyopandana, na dari hiyo haivuji mpaka leo, Ayalandi hii ya mvua.

Juu ya mlango kuna kidirisha. Siku fupi kuliko zote, karibu tarehe 21 Desemba, jua likichomoza mwanga unaingia kwa hicho kidirisha, unatambaa njia nzima mpaka chumbani, unakaa kama dakika 17, unaondoka. Profesa M. J. O'Kelly alikuwa anasikia wenyeji wakisema jua huwa linaingia mle, akaenda kukaa gizani peke yake Desemba 1967, na likaingia. Sasa hivi kuingia siku hizo ni kwa bahati nasibu, makumi ya maelfu wanaomba, na hata ukishinda huenda ukakuta mawingu.

Hadithi za zamani zinaweza kubeba historia ya kweli, au ni ndoto tu?

Jirani wa Newgrange kuna kilima kingine, Dowth. Hadithi iliyoandikwa zama za kati inasema mfalme aliwakusanya wanaume wote wamjengee mnara kwa siku moja, dada yake akalisimamisha jua kwa uchawi siku isiishe. Mfalme akalala na dada yake, uchawi ukavunjika, giza likaingia, kazi ikabaki nusu. Ndo jina la kale la pale, Dubad, giza.

Mwaka 2020 watafiti wa Trinity College Dublin wakapima DNA ya mwanaume aliyezikwa sehemu ya heshima kabisa ndani ya Newgrange, wakakuta wazazi wake ni ndugu wa damu ya karibu kabisa, kaka na dada au mzazi na mtoto. Kati ya maziko na kuandikwa kwa hadithi kuna miaka zaidi ya 4,000. Inaweza kuwa bahati tu. Mimi nywele zilisimama.

Yale mawe kama meza ni madhabahu ya kafara?

Hapana, ni makaburi ya kale. Poulnabrone, ambayo mmeiona kwenye kila kalenda, ipo huku Clare kwenye mbuga ya mawe ya Burren, na uchimbaji wa miaka ya 1980 ulikuta mifupa ya watu zaidi ya 30, wakubwa kwa watoto, zamani kuliko Newgrange. Vijijini mawe ya aina hii yanaitwa kitanda cha Diarmuid na Gráinne, wale wapenzi waliotoroka na kukimbizwa nchi nzima, kila usiku wanalala pengine. Ukihesabu vitanda walilala sana.

Nikipanda Knocknarea nibebe jiwe?

Huo mlima wa Sligo wenye lundo la mawe juu linaloonekana maili nyingi, wanasema ndani kazikwa malkia Medb, yule wa hadithi za kale aliyetawala Connacht, amesimama wima, ana silaha, uso umeelekea maadui zake wa Ulster, mkoa wa kaskazini. Desturi ilikuwa kupandisha jiwe. Siku hizi miguu imekuwa mingi na lundo linaharibika, kwa hiyo usilipande na usishushe jiwe hata moja. Lundo halijawahi kuchimbwa, na kwa umbo lake ni la miaka kama 3,000 kabla ya wakati anaosemwa Medb aliishi. Usimwambie hivyo mtu wa Sligo akiwa na bia mkononi.

## VISIMA NA PANGO

Yale matambara kwenye miti karibu na visima ni uchawi?

Muulize anayefunga, atakwambia ni sala. Visima vitakatifu ni kama 3,000 nchi nzima, kila kimoja na mtakatifu wake na ugonjwa wake, macho, meno, mgongo. Unazunguka kwa kufuata jua (deiseal), unasali, unakunywa au unanawa, unafunga kitambaa kilichogusa sehemu inayouma. Kitambaa kikioza na ugonjwa unakwisha. Sasa watalii wanafunga vitu vya plastiki na nailoni, vipo pale miaka na miaka, sijui ugonjwa nao unasubiri.

Cha Brigid pale Liscannor kiingie uone mwenyewe, kimejaa picha za marehemu, rozari, magongo ya waliopona, kadi za maziko, maji yanadondoka ukutani polepole. Nimekaa pale nusu saa bila kuongea, na mimi si Mkatoliki. Brigid ni mtakatifu, na kabla ya hapo kulikuwa na mungu wa kike wa jina hilohilo. Tangu 2023 siku yake imekuwa mapumziko ya taifa.

Halloween ilianzia Ayalandi kweli?

Mizizi yake ndiyo, ni Samhain, usiku wa kuamkia Novemba 1, mwaka wa zamani unaisha, mlango kati ya huku na kule unafunguka. Na mlango wenyewe upo, unaitwa Uaimh na gCat, pango la paka, Rathcroghan, kaunti ya Roscommon. Maandishi ya kale yanasema kutoka humo hutoka ndege na wanyama wanaokausha kila kitu kwa pumzi zao, na ndo makao ya Morrígan, mungu wa kike wa vita.

Ukifika unatafuta lango unalikosa. Ni tundu chini ya mti, unaingia kwa kujiburuza kwa tumbo, matope mpaka kwenye masikio, na juu ya kichwa chako kuna jiwe lenye maandishi ya ogham (herufi za kale za Kiayalandi za mistari iliyochongwa) yanayomtaja Fraech mwana wa Medb. Baadaye linapanuka ghafla unasimama ndani ya ufa wa mwamba. Kiongozi wetu akasema zimeni tochi. Jamani. Nenda na kiongozi wa kituo cha pale Tulsk, vaa gambuti, na nguo usiyoipenda.

Yale maboga ya Halloween yanayochongwa sura hayakuwepo, walichonga tenipu. Makumbusho ya Turlough, Mayo, wana umbo la tenipu moja kutoka Donegal, sura mbaya mpaka leo sijaisahau.

## MASWALI YA PEMBENI

Naweza kuingia shamba la mtu kuangalia boma?

Sheria haikupi haki ya kukatiza mashamba ya watu. Gonga mlango uulize, tisa kati ya kumi utaruhusiwa na kuongezewa chai. Funga geti ulilofungua. Usilete mbwa. Ukimuona fahali, boma litakuwepo kesho.

Nina mashine ya kutafutia madini, naweza kujaribu bahati?

Usithubutu. Kutafuta mali za kale kwa kifaa hicho bila kibali cha serikali ni kosa, na kitu cha kale kisicho na mwenyewe ni cha taifa. Kikombe cha Derrynaflan, cha kanisa cha zamani, kilipatikana hivyo 1980, kesi ikaenda mpaka mahakama ya juu, serikali ikashinda 1987. Kipo makumbusho Dublin, kuingia bure.

Nataka kujenga nyumba, nitajuaje sijaziba njia ya watu wema?

Wazee walikuwa wanaweka rundo la mawe kila kona ya kiwanja jioni. Asubuhi ukikuta yamesimama, jenga. Yakiwa yameangushwa, sogea. Kibali cha kaunti utakihitaji vilevile.

Stori zote hizi umezitoa wapi, au unatunga?

Nyingi zimeandikwa na watoto. Kati ya 1937 na 1939 tume ya hadithi za jadi iliyoundwa 1935 iliwatuma wanafunzi kama 50,000 wa shule za msingi wakawaulize babu na bibi zao, waandike kwenye daftari. Zilitoka kurasa kama 740,000, na zimewekwa mtandaoni kwenye dúchas.ie, unaweza kutafuta kwa jina la kijiji. Nilitafuta cha kwangu nikakuta boma la jirani limo, kwa mwandiko wa mtoto, mstari mmoja: watu wamesikia muziki humo. Nikampelekea yule jirani akasoma. Akasema mwandiko ni wa shangazi yake.

Mimi mgeni, huyo bean sí anaweza kunililia?

Bean sí ni yule mwanamke anayesikika akilia nje ya nyumba usiku kabla mtu wa nyumba hiyo hajafariki. Hamuui mtu, anatoa taarifa tu na kuomboleza. Kwa mapokeo anafuata koo za zamani, zenye Ó na Mac mwanzo wa jina, na anazifuata hata zikihamia ng'ambo. Jina langu halina Ó wala Mac, nilimweleza jirani nikidhani nimepata nafuu. Akanitazama kwa huruma kabisa, akasema, "Pole sana. Kwa hiyo hata wa kukulilia huna?"